Mrejesho: Mume wangu mchongaji na mwanafunzi wake

Wakubwa shikamooni. Mwezi uliopita niliomba ushauri: mimi mchoraji, mume wangu anachonga mpingo, ndoa ya miaka 19, nikagundua anatoka na mwanafunzi wake. Wengi mlisema niondoke. Dada mmoja akanielekeza kwa Frida Kahlo na Diego Rivera, wachoraji wa Meksiko waliokuwa mke na mume.

Nimesoma. Walioana 1929. Diego akatembea hadi na Cristina, mdogo wake Frida. Wakaachana 1939, mwaka uliofuata wakaoana tena. Na zile nyumba zao mbili za San Ángel, mtaa wa Mexico City, zilizounganishwa kwa kidaraja cha juu! Hapo nililia.

Maana sisi tuna banda moja la kazi. Yeye huona picha yangu kabla ya mtu yeyote. Akinyamaza, najua rangi haijakaa. Kilichoniua ni kujua kwamba yule binti alikuwa anaonyeshwa vinyago kabla yangu. Nilimwambia mume wangu hivyo, hakujitetea.

Nimehamia kwa mama. Jana alikuja na kinyago hakijapigwa msasa, akasimama mlangoni. "Mama watoto, shingo imekaa sawa?"

Nikamjibu bado nene. Sijamkaribisha ndani.