MJADALA: Madini ya damu ya mashariki mwa Kongo, dunia imbane nani?

Mleta mada:
Wakuu, madini ya damu ni yale yanayofadhili makundi yenye silaha. Tangu mwaka 2010 sheria ya Dodd-Frank inazitaka kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Marekani zieleze kama bati, tantali, wolframu na dhahabu zao zinatoka Kongo au nchi jirani. Kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu madini hayohayo ikaanza kutumika Januari 2021. Pamoja na hayo yote, 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, mji wa machimbo wilayani Masisi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kuwa tani zipatazo 120 za koltani (mawe yanayotoa tantali) zilikuwa zikivushwa kwenda Rwanda kila mwezi.

Msimamo wangu: tuachane na fomu hizo anazojaza mnunuzi wa mwisho. Abanwe msafirishaji na mwenye kiwanda cha kusafisha dhahabu. Machi 2025 Ulaya iliiwekea vikwazo Gasabo Gold Refinery ya Kigali. Sawa, ila Februari 2024 Ulaya hiyohiyo ilikuwa imesaini makubaliano ya madini na Rwanda!

Mchangiaji 1:
Vikwazo tena? Septemba 2010 Joseph Kabila, rais wa Kongo wakati huo, alisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Walioumia ni wachimbaji wadogo. Wenye bunduki walibaki na bunduki zao, na dhahabu inavuka mpaka mfukoni mwa mtu.

Mleta mada:
Hapo umenisoma vibaya, mkuu. Sijasema mgodi ufungwe. Kufungia akaunti ya tajiri wa Kigali au Entebbe na kumkataza mchimbaji asichimbe ni mambo mawili tofauti.

Mchangiaji 2:
Tofauti kwenye karatasi. Bei ikishuka pale juu, anayekatwa ni yule wa shimoni. Lakini na lebo za ITSCI, mpango wa kuthibitisha madini yametoka mgodi gani, nazo mzitazame: shirika la uchunguzi la Global Witness lilieleza 2022 jinsi gunia la mgodi haramu linavyovishwa lebo ya mgodi halali. Na tusijifanye hatujui kwamba hata baadhi ya wanajeshi wa serikali wanatoza ushuru migodini.

Mchangiaji 3:
Mnabishana Ulaya na Marekani, dhahabu nyingi inaishia Dubai. Huko nani atakwenda kubana? Marekani iliyosimamia mkataba wa Kongo na Rwanda Juni 2025 nayo inayataka madini hayohayo. Msuluhishi mwenye njaa na chakula kinachogombaniwa, mnamwamini?

Mleta mada:
Simwamini. Ila kwa Dubai umenipata, maana vikwazo vya Ulaya peke yake vitahamisha tu mteja. Mwenye hoja ya namna ya kuibana Dubai aje nayo.