Naomba ushauri: muziki wa Purcell kwa sintesaiza

Assalaam alaykum ndugu wanachama. Natengeneza filamu fupi hapa Unguja, na kwenye onyesho la jahazi likiondoka Malindi usiku nataka muziki wa mazishi ya Malkia Mary wa Uingereza, uliotungwa na Mwingereza Henry Purcell, upigwe kwa sintesaiza (ala inayotengeneza sauti kwa umeme), kama alivyofanya mwanamuziki Wendy Carlos katika filamu ya A Clockwork Orange ya mwaka 1971. Nimeupiga wote kwa mpigo mmoja kwenye kinanda cha kikundi chetu cha taarabu, nikabadilisha sauti za tarumbeta, lakini unatoka mwembamba kama mlio wa simu. Moog, sintesaiza aliyotumia Carlos, ilitoa noti moja tu kwa wakati, hivyo kila sauti ilirekodiwa peke yake. Je, nami nirekodi hivyo, nikianzia besi, au kasoro ni ya kinanda? Na kwa kuwa Purcell alifariki mwaka 1695, nahitaji kibali cha yeyote iwapo rekodi ya Carlos sitaigusa?