Mama anatoka damu saa 8 usiku, zamu ina watu watatu: inchaji ashike nini?

Leba_Usiku (mleta uzi):
Wakuu, poleni na majukumu. Nauliza wakunga na wauguzi mliobobea. Kituo cha afya, zamu ya usiku: mkunga ambaye ndiye inchaji (msimamizi wa zamu), muuguzi mmoja na mhudumu wa wodi. Daktari wa zamu yuko kwake. Mama akitoka damu nyingi baada ya kujifungua, dawa tunazijua. Kinachotushinda ni mpangilio: wote wanakimbilia kanula (kijibomba cha mshipani), saa haina mtu wa kuiangalia. Inchaji aanze na lipi, amwachie nani nini?

Nyonga_Imara:
Sista, aanze na mdomo. "Mama anatoka damu, nasimamia mimi." Hapo wengine wanajua wamsikilize nani. Kisha agawe kazi kwa majina, asiseme "mtu aniletee dripu", maana "mtu" hayupo zamu.

Inchaji: anakanda mfuko wa uzazi na kutoa amri. Muuguzi: kanula mbili, ya kijivu au ya kijani (16 au 18). Ya waridi inapitisha maji polepole mno. Oksitosini (dawa ya kubana mfuko wa uzazi) yuniti 10 kwenye saline, yaani dripu ya maji ya chumvi, ya mililita 200 hadi 500, iingie ndani ya dakika 10, kisha yuniti 20 kwenye lita moja kwa saa 4. Asiisukume yote kwa mpigo mmoja, presha itaporomoka. Traneksami (dawa ya kusaidia damu ikate) gramu 1, yaani ampuli mbili za miligramu 500, mshipani, taratibu kwa dakika 10. Mhudumu: sanduku la dharura, halafu simu kwa daktari.

Msisubiri dawa moja ishindwe ndipo mfungue nyingine. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, uliofanyika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulifanya hivyo hivyo: pima mapema damu inayotoka, toa matibabu yote kwa pamoja. Madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60.

Kanula_Kijivu:
Mkuu, hapo kwenye kukanda sikubaliani. Inchaji akishashika tumbo anaona tumbo tu. Asimame miguuni, mikono mitupu, aone uso wa mama, damu inayotoka na saa ya ukutani.

Nyonga_Imara:
Wakiwa watano, sawa kabisa. Watatu, na mmoja si mtaalamu, hiyo mikono mitupu utaitoa wapi? Kukanda kunaacha macho na mdomo huru. Tena mkono ndio unaojua kwanza: mfuko ukiwa laini kama unga uliozidi maji, umelegea. Ukiwa mgumu na damu bado inatiririka, tafuta mchaniko au kipande cha kondo kilichobaki. Kibofu kikijaa nacho kinauzuia mfuko kubana, kwa hiyo kateta (mpira wa mkojo) iingie mapema.

Kanula_Kijivu:
Nimekuelewa, lakini muuguzi akikosa mshipa mara mbili, inchaji abadilishane naye hapo hapo. Asimuache ajaribu mara ya tano.

Bi_Stoo:
Mimi nawakumbusha kanga. Mama amelazwa juu ya kanga mbili, damu imenyweka yote, mkunga anaandika "mililita 200". Wekeni shuka ya plastiki yenye mfuko wa vipimo. Kama haipo, pimeni kanga kwenye mizani, mtoe uzito wake mkavu: gramu 1 ni kama mililita 1. Damu ikifika mililita 500, anza matibabu. Ikifika 300 na mapigo yamezidi namba ya juu ya presha, anza pia.

Mkitaka kuzoesha jicho, mwageni nusu lita ya juisi ya rozela kwenye kanga kuukuu, kila mmoja akisie. Mtashangaa.

Na oksitosini ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyokaa wiki kadhaa kwenye trei karibu na dirisha mtailaumu bure.

Zamu_Tatu:
Amri irudiwe. "Neema, traneksami gramu 1 mshipani, dakika 10." Neema anarudia hivyo hivyo, akimaliza anasema "imeingia, 02:14". Bila hilo la mwisho mama anapewa mara mbili au hapewi kabisa.

Na kwenye faili andikeni 02:14, si "saa 8". Anayepokea rufaa asubuhi akisoma 8:00, hesabu imeharibika, na traneksami ina mwisho wake: ndani ya masaa matatu tangu kujifungua. Dozi ya pili ni baada ya dakika 30, kama damu haijakata.

Leba_Usiku:
Asanteni sana. Mhudumu wetu hajui majina ya dawa. Nani aandike muda sasa?

Zamu_Tatu:
Yeye yeye. Bandika ukutani karatasi yenye mistari sita: kanula, oksitosini, traneksami, kateta, presha, simu. Inchaji akisikia "imeingia" anataja mstari, mhudumu anaandika muda.

Nyonga_Imara:
Simu nayo iwe na maneno yake tayari: "Mama amejifungua 01:40, damu mililita 700, mapigo 124, presha 90 kwa 50, oksitosini na traneksami zimeingia, mfuko bado laini, njoo sasa." Gari la rufaa liitwe hapo hapo, msingoje daktari afike. Huku mkisubiri, misoprosto (nayo ya kubana mfuko) vidonge 4 vya maikrogramu 200 chini ya ulimi, na mkunga abane mfuko kwa mikono miwili, ngumi ndani, kiganja juu ya tumbo. Dakika kumi mkono unachoka, pokezaneni.