Nitawashawishije wateja wakubali suti zao zifuliwe kwa maji badala ya kemikali?

Mwenye Duka la Udobi:
Salaam kwenu nyote. Kwa miaka tisa nimekuwa nikisafisha suti na nguo za hariri kwa mashine inayotumia perkloroethilini, kiyeyusho kinachosafisha nguo bila maji. Tangu nilipofahamu kwamba IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka kemikali hiyo katika kundi la 2A, yaani vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, sina amani kila nimwonapo kijana wangu akifungua mlango wa mashine na kuinamia nguo ambazo bado zinatoa ile harufu tamu. Nimekwisha kuamua kuhamia kwenye ufuaji wa maji wa kitaalamu, lakini nikimwambia mteja kwamba suti yake itaingia majini, huikunja akaondoka nayo. Ninyi mliotangulia mliwaelezaje?

Dobi Mkongwe:
Ndugu yangu, hofu yao ina msingi, kwa hiyo usiibeze. Unyuzi wa sufu una magamba madogo, na ukikutana na maji ya moto huku ukisukwasukwa, magamba hayo hushikana, kitambaa kikajikaza na koti likaruka lisivalike tena. Anayeharibu hapo si maji peke yake, bali ni joto na msukosuko. Mashine za kazi hii, zilizoanzia Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, huzungusha nguo taratibu mno katika maji yasiyo moto na sabuni isiyo kali, kisha kikaushio hupima unyevu na kusimama kabla nguo haijakauka kupita kiasi. Pasi ndiyo yenye kazi kubwa; usipokuwa na mpiga pasi hodari wa mvuke, usianze kabisa.

Kuhusu wateja, mimi niliacha maneno. Nilitwaa koti langu kuukuu la sufu, nikampa mteja mmoja utepe apime urefu wa mkono wa koti hilo, nikalifua, na aliporudi nikampa utepe uleule apime tena.

Fundi Cherehani:
Naomba niongeze la upande wa ushonaji. Mara nyingi sufu husalimika lakini bitana ikaruka, hasa ikiwa ya viskosi (nyuzi zitengenezwazo kutokana na mbao), na hapo koti huvutwa kwa ndani na upindo wake ukajaa mikunjo. Kabla ya kupokea nguo, igeuze, tia tone la maji kwenye mshono usioonekana, kisha gandamiza kitambaa cheupe uone kama rangi inachuja. Iliyoshindwa jaribio hilo irudishe kwa mwenyewe na umweleze sababu. Atakuamini zaidi utakapoikubali nyingine.

Msoma Lebo:
Chunga sana maneno ya tangazo lako. Baadhi ya maduka hujiita ya "ogani", kana kwamba ni ya asili, ilhali yanatumia viyeyusho vya mafuta ya petroli, na kwa lugha ya kemia hata perkloroethilini yenyewe ni ya ogani, kwa kuwa ina kaboni. Wengine walihamia propili bromidi, ambayo hudhuru mishipa ya fahamu. Kaboni dayoksaidi iliyogeuzwa kimiminika haina sumu ya namna hiyo, ila mashine zake ni ghali kwa sababu ya shinikizo kubwa. Kwa hiyo andika waziwazi: "Tunafua kwa maji na sabuni." Waeleze pia kwamba jimbo la California liliamua mwaka 2007 kuiondoa perkloroethilini katika udobi, na mwisho wa kuitumia ukawa Januari 2023.

Mwenye Duka la Udobi:
Nawashukuru sana, la utepe nitalianza wiki hii. Je, kemikali iliyobaki kwenye mashine niifanyeje?

Dobi Mkongwe:
Usiimwage kwenye mfereji wala ardhini hata kidogo. Ni nzito kuliko maji, hivyo huzama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi na kukaa huko miaka mingi. Vichujio na tope la mashine navyo vimeilowa. Vifunge vyote katika vyombo visivyovuja na umkabidhi mwenye kibali cha kushughulikia taka zenye sumu, na kijana wako asiviguse bila glavu zinazohimili viyeyusho.