Naomba ushauri: niunganisheje historia ya tiba na mgonjwa wa leo?

Ndugu zangu, naandaa somo la wanafunzi wa uuguzi kuhusu jinsi wanawake walivyoachwa nje ya utafiti wa dawa. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasishirikishwe katika majaribio ya awali, na mwaka 2013 ndipo kipimo cha zolpidem, dawa ya usingizi, kilipopunguzwa kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa asubuhi ilikuwa ingali nyingi mwilini mwao. Mfano huu unashikika. Ninapokwama ni kwa mwanamke mwenye kichefuchefu na maumivu ya taya, anayeambiwa ana wasiwasi tu ilhali amepata mshtuko wa moyo: nianze naye, au nianze na historia, ili wanafunzi wajifunze kumsikiliza badala ya kuwalaumu waliotangulia?