Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: plasta inabanduka, na tunataka vyumba vya wageni

Mrithi wa Nyumba
Assalam alaikum ndugu zangu. Mimi na ndugu zangu watatu tumerithi nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tunataka mama aendelee kuishi chini, na ghorofa za juu ziwe vyumba sita vya wageni, kila kimoja na choo chake. Miaka sita iliyopita tulizipiga kuta plasta ya saruji tukidhani tunaziimarisha. Sasa inabanduka, chumvi nyeupe imejitokeza na rangi haishiki. Je, turudie kwa saruji nzito zaidi? Na vyoo tuviweke wapi?

Fundi Chokaa
Waalaikumu salaam. Nawasihi msiongeze saruji hata ndoo moja. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa polepole kupitia chokaa. Saruji ikiufunika, maji hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma nje, na unyevu huohuo huozesha ncha za boriti zilizoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Hizo boriti ndizo zinazonitia hofu kuliko plasta. Ibandueni saruji kwa nyundo na patasi, bila mashine ya kutikisa ukuta, muuache ukauke kwa miezi kadhaa, ndipo mpige chokaa iliyolowekwa vya kutosha, tabaka jembamba juu ya jingine. Lakini anzeni na paa, kwa sababu ukuta unaolowa kutoka juu hautaponywa na plasta yoyote.

Mchora Ramani
Kuhusu vyoo, vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, takriban mita 3, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na sakafu zake za mawe na chokaa ni nzito tayari. Msimimine zege juu yake. Vyoo vikae upande mmoja wa nyumba, cha juu kikiwa sawasawa juu ya cha chini, na mabomba yapite nje, upande wa uani, ambako yakivuja mtayaona. Ikiwa vyumba sita vitabaki vinne, kubalini vinne. Jengo la zamani la simu pale Shangani liligeuzwa hoteli, na Zahanati ya Zamani ya Tharia Topan ilikarabatiwa katika miaka ya 1990, kwa hiyo matumizi mapya yanawezekana. Hata hivyo Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiondoe ukuta wala nguzo kabla mhandisi hajaikagua nyumba na kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Mrithi wa Nyumba
Tumewaelewa, na vinne vitatosha. Je, mama anaweza kubaki chini wakati wa kazi?

Fundi Chokaa
Wakati wa kubandua, hapana: vumbi ni jingi, na boriti mbovu huenda zikagundulika juu ya kitanda chake. Ahamie kwa mmoja wenu, na chumba chake kikaguliwe cha kwanza.