Tableti mpya nzuri kwa macho lakini nzito kama jiwe, nimekosea wapi?

madam_wa_masaba (Mbale)

Wadau habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaipandisha hii kitu juu ya mlima Wanale nikaiachilia ishuke yenyewe. Mwezi uliopita nilikuwa Kampala kwa semina, nikapita maduka ya simu pale mjini nikanunua tableti, shilingi 950,000 za Uganda taslimu, sente za SACCO hizo, mshahara utakatwa mpaka Krismasi. Kampuni sitaitaja, duka pia sitalitaja, sitaki vita. Lakini yaani ukiishika unasema leo nimepata. Mgongo ni bati la alumini, kioo ni kile cha 2000 kwa 1200 unaona hadi vumbi kwenye picha, spika nne, betri nakaa nayo siku mbili, na kalamu wakanipa juu. Boksi linasema RAM (ile kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB, kori (vichwa vya chipu) nane. Nilirudi Mbale nimeikumbatia kama mtoto mchanga, pale soko la barabarani Namawojolo taksi ikasimama watu wote wakanunua kuku mimi nikakaa na njaa yangu nikiogopa kuacha begi kwenye kiti.

Sasa njoo kazini. Nafundisha Kiswahili S1 na S2, sekondari mwaka wa kwanza na wa pili, na mnajua tangu hii mitaala mpya ya 2020 watoto wote wa S1 na S2 lazima wasome Kiswahili, vitabu havitoshi, kwa hiyo mimi nategemea PDF za kuskani. Nafungua PDF nahesabu moja, mbili, tatu, nafika tisa. Nageuza ukurasa inabaki kijivu halafu herufi zinakuja pole pole kama ukungu unatoka mlimani. Naandika "wanafunzi" inatokea "wan" inakaa, mara inatapika neno zima pamoja na makosa yote niliyoandika nikidhani haijasikia. Boksi linasema kori nane lakini mimi mwalimu wa lugha naona ni koa nane, wale wa kwenye migomba.

Juzi mtoto wa S1 ameniambia mbele ya darasa, madam hata simu ya mama ni haraka kuliko hiyo. Na ni kweli, simu yangu mwenyewe ya laki nne, ina miaka mitatu, inaishinda. Nimeapdeti kila kitu, nimezima nikawasha, nimeipepea. Hii ni virusi, ni feki, ama ndivyo ilivyo? Na apdeti inaweza kuja ikaiponya?

fundi_ghorofa_ya_pili (Kampala)

Pole sana madam. Umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wote, wengi wananiletea wanasema tu "inasumbua". Kabla sijasema kitu nitafutie mambo matatu. Weka CPU-Z, ni apu ya bure ya kuonyesha chipu iliyo ndani, uniambie imeandika Cortex gani, hiyo ndiyo aina ya kori. Halafu ingia Mipangilio uone storeji imebaki kiasi gani. Halafu lete boksi kwenye mwanga wa kutosha, usome maandishi madogo kabisa ya chini pale kwenye RAM.

madam_wa_masaba

Nimerudi. CPU-Z inasema Cortex-A53, zote nane. Storeji ni 64GB, imebaki 3.8. Na boksi, nimevaa miwani, chini kabisa kuna "4GB + 4GB". Hiyo jumlisha inamaanisha nini sebo?

fundi_ghorofa_ya_pili

Haya. Si feki wala virusi, hapo ndipo utakasirika zaidi.

Tuanze na hiyo jumlisha. RAM yako ya kweli ni 4. Ile nne nyingine ni storeji imekopwa ikavalishwa shati la RAM. Tableti ikijaa inachukua vitu vya kwenye RAM inavihamishia storeji, ukivihitaji inavirudisha. Sasa ingekuwa storeji ya haraka usingesikia sana, lakini tableti za daraja hilo zinawekwa eMMC, aina ya storeji ya bei nafuu. Hiyo eMMC ikisoma haiandiki, ikiandika haisomi, ni zamu kwa zamu, si kama UFS ya simu za bei ambayo inasoma na kuandika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wewe unafungua PDF, inataka kusoma, wakati huo huo ile RAM ya kukopa inataka kuandika, WhatsApp nayo iko nyuma inashusha video ya mtu, wote wanasukumana. Na ukiijaza mpaka zibaki GB tatu ndio kabisa, maana memori za aina hii zikijaa kuandika kunakuwa kazi, lazima kwanza zihamishe na kusafisha ndipo zipate nafasi.

Ya pili ni hizo koa zako, hiyo imenichekesha kweli nimesomea watu hapa dukani. Cortex-A53, ARM wenye kubuni hizo kori waliitangaza 2012. Ni kori ndogo, ilitengenezwa iokoe betri, inafanya maagizo kwa foleni vile yalivyokuja, moja likikwama la nyuma linasubiri. Kwenye simu nyingi wanaziweka hizo ndogo kwa kazi nyepesi halafu wanaongeza mbili kubwa za kubeba mzigo. Nakuhakikishia ukipima simu yako ya laki nne utakuta mbili kati ya nane ni A75 au kitu cha hivyo. Kwenye tableti yako zote nane ni vibarua, hakuna nyapara. Na kufungua apu au kuchora ukurasa ni kazi ambayo sehemu kubwa inabebwa na kori moja au mbili tu, zile sita zinasimama zinaangalia.

Halafu hicho kioo unachokisifu. 2000 kwa 1200 ni piksel milioni 2.4. Simu yenye kioo cha 720 kwa 1600 ina milioni 1.15. Yaani chipu dhaifu kuliko ya simu imepewa kioo cha kupaka rangi mara mbili ya simu. Wamenunua kioo, spika na alumini, sente zikaisha walipofika kwenye chipu, kwa sababu mteja dukani anaona kioo, chipu haonyeshwi.

Apdeti? Inaweza kurekebisha kasoro ndogo, lakini haiwezi kuigeuza eMMC iwe UFS. Na ikija Android mpya kabisa fikiria mara mbili, mara nyingi inakuja na mzigo wake.

mama_trela (Busia)

Mimi si fundi nauza mchele na nguo hapa mpakani lakini nimeelewa. Ni kama mpaka wa Malaba siku za foleni, matrela nane yamewasha injini yote yananguruma lakini geti ni moja na askari anaandika kwa mkono.

fundi_ghorofa_ya_pili

Mama umemaliza. Mimi nimeandika insha yote hiyo, wewe umetumia mstari mmoja.

mama_trela

Na niulize tena madam, una VPN, zile apu za kupita njia ya pembeni kufikia mitandao iliyofungwa? Maana sisi wa huku tangu Facebook ifungwe Uganda ile Januari 2021 kila mtu ana VPN, tena za bure, tena mbili tatu, moja ikigoma anawasha nyingine. Yangu ilikuwa inakaa imewashwa usiku na mchana inakula bando na kuonyesha matangazo, simu inapata joto kama chapati. Nilipotoa nikajua kumbe simu yangu haikuwa mgonjwa.

madam_wa_masaba

Ninazo tatu 🙈

afande_mstaafu (Gulu)

Nyinyi mnampa huyu mwalimu dawa ya kutuliza maumivu. Irudishwe hiyo kitu dukani. Jeshini ukipewa silaha unaikagua kabla ya kusaini, hukagui rangi ya kitako. Boksi limeandika 8 kwa herufi kubwa, ndani ni 4. Kuna sheria ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya 2017, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo lazima ilingane na hayo maelezo. Madam panda gari, nenda na risiti, ongea kwa sauti ya darasani.

madam_wa_masaba

Afande asante, kwa kweli niliwapigia. Kijana akaniambia mama risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudi, na boksi limesema 4+4 wewe ndiye hukusoma. Akaongeza kwamba inawaka, inachaji, haina kasoro. Nauli ya kwenda na kurudi na siku mbili bila kufundisha, halafu nibishane na mtoto wa miaka ishirini? Nimechoka afande.

afande_mstaafu

Kuandika kwa herufi ndogo si kusema ukweli. Lakini sawa, vita unaichagua mwenyewe. Hiyo risiti usiitupe.

kijana_wa_wandege

Madam mbona rahisi, ruti hiyo tableti (ufungue mfumo wake) uflashi rom nyepesi, yaani uweke Android nyingine, itaruka kama ndege 🔥🔥

fundi_ghorofa_ya_pili

Kijana tafadhali. ROM ya tableti ya jina dogo hivyo utaitoa wapi? Nimeona watu wanaflashi ya modeli inayofanana, kioo kinawaka lakini kugusa kunagoma, wanakuja kwangu na kilio. Na kufungua bootloda, ile kufuli ya mfumo, kunafuta kila kitu, na hiyo waranti ndogo aliyonayo inaondoka. Madam usimsikilize, ni mtoto wa chuo ana muda.

Fanya hivi. Kwanza WhatsApp, zima ile ya kushusha picha na video zenyewe, halafu ufute zilizopo, uache angalau GB 15 wazi. VPN toa zote tatu, ukihitaji sana weka moja na uizime ukimaliza. Ile RAM ya kuongeza, ingia Mipangilio uizime, kwa eMMC mara nyingi inadhuru kuliko kusaidia, jaribu siku mbili ukiona mbaya zaidi rudisha. Kisha Kuhusu tableti, gusa namba ya muundo mara saba, zitafunguka Chaguo za wasanidi programu, humo kuna sehemu tatu za uhuishaji ziko 1x, zishushe 0.5x au uzime kabisa. Hiyo haiongezi nguvu nakwambia ukweli, inapunguza madoido tu, lakini macho yanapumzika.

Lakini la muhimu kwako ni PDF zenyewe. A4 ikiskaniwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kila inchi, ni piksel 2480 kwa 3508. Faili inaweza kuwa ndogo kwa sababu imebanwa, ila ikifunguliwa ndani ya RAM ukurasa mmoja unakula kama MB 35, na msomaji wa PDF anapenda kuandaa na ukurasa unaofuata. Ndio maana unahesabu mpaka tisa. Tafuta mtu mwenye kompyuta azishushe ziwe dpi 150, hapo kila ukurasa unabaki robo ya mzigo na herufi bado zinasomeka vizuri. Na usitumie yale ma-apu makubwa ya PDF yenye duka ndani, weka MuPDF, haina urembo lakini ni nyepesi.

mama_trela

Halafu madam utuletee ripoti, si watu wanasaidiwa wanapotea.

madam_wa_masaba (wiki mbili baadaye)

Sijapotea mama, tulikuwa tunasahihisha mitihani.

Ripoti. Kwenye WhatsApp nimefuta GB 29. Banange GB 29! Video za mazishi, za harusi, za "habari za asubuhi" zenye maua, grupu la wazazi la S2 peke yake GB 6. VPN nimebaki na moja. RAM ya kukopa nimezima, kibodi imeacha kutapika, sasa inanifuata vizuri isipokuwa asubuhi ikiwashwa tu, dakika tano za kwanza ni za kwake, naiwasha nikiwa naenda gwaride nikirudi iko tayari.

PDF ndio nimeshangaa. Mwalimu wa kompyuta amezishusha zote dpi 150, alitaka soda mbili nikampa. Zamani kuhesabu tisa, sasa ni mbili, wakati mwingine hata mbili sifiki. Kile kitabu cha ngeli ambacho kilikuwa kinaigandisha mpaka nabonyeza kitufe sekunde kumi, sasa nafundishia nacho.

Kalamu nimeshindwa. Naandika, wino unakuja nyuma kama mtoto aliyechelewa shule. Nimeiweka kwenye droo, naandika na chaki. Michezo sikujaribu, mwanangu alijaribu akairudisha mwenyewe, hiyo ni mara ya kwanza ananirudishia kitu. Na sinema jioni ni raha tupu, kioo na hizo spika, wanangu wamehamia chumbani kwangu.

Kwa hiyo sijaitupa. Lakini kwa 950,000 fundi, roho inauma, ningejua ningechukua ya kioo cha kawaida yenye chipu nzuri.

fundi_ghorofa_ya_pili

Siku nyingine ukiingia dukani usiulize GB wala kori ngapi, uliza prosesa ni ipi na storeji ni eMMC au UFS. Muuzaji akisema "hiyo ni mpya madam" bila kujibu, toka. Na omba ile ya maonyesho, fungua apu kama sita, rudi kwenye ya kwanza uone kama imekusubiri au inaanza upya.

madam_wa_masaba

Umesema wakati mzuri. Dada yangu yuko dukani Tororo sasa hivi, amenitumia picha ya boksi, kampuni nyingine lakini alumini hiyo hiyo. Linasema RAM 12GB kwa herufi za dhahabu. Nimemwambia apige picha ya chini ya boksi.

madam_wa_masaba

Imefika. Ni 4+8.

afande_mstaafu

Mwambie arudi nyuma polepole bila kugeuka.